Mwaka Niliotazama Kushoto

Mwanaidi aliponipigia simu kunieleza kwamba baba yake amefariki, nilikuwa dukani, huku mjini Sterling ninakoishi, nikichagua nyanya, na jambo la kwanza nililofanya ni kuendelea kuchagua nyanya. Nilizibonyeza moja moja, nikarudisha zilizolegea, huku nikisema pole, pole sana Dada, ilikuwa lini, ilikuwaje. Alikuwa amerudi wiki hiyo kutoka Kondoa alikomzika. Mzee Ramadhani alikuwa anakaribia miaka tisini, hakuugua kwa muda mrefu, alijilaza mchana na hakuamka. Kisomo cha arobaini kingesomwa Bowie, katika nyumba ileile niliyowahi kupanga kwao, Jumamosi baada ya adhuhuri. "Uje, Wangechi," Mwanaidi aliniambia. "Na usinambie uko kazini. Kuna jambo nataka kukwambia uso kwa uso." Nyanya nilizilipia, nikaziacha kaunta. Sikuwa nimemwona mzee huyo kwa miaka ishirini na mmoja, na katika miaka hiyo nilimtumia salamu kila Idi, kupitia kwa bintiye, na hakuitikia hata moja. Sababu niliijua, au nilidhani naijua.

Jinsi nilivyofika Marekani ni hadithi ya kila mtu, kwa hiyo siirudii. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, sina gari, sina leseni, na nilikuwa nimepanga chumba cha chini ya ardhi katika nyumba ya Mwanaidi, muuguzi wa Kitanzania niliyeunganishwa naye na mama mmoja wa kanisani kwetu. Anayeijua Bowie ataelewa maana ya kukaa Bowie bila gari. Nyumba zimetengana, nyasi zimekatwa, kila mlango una magari mawili, na ikifika saa mbili asubuhi magari yote yameondoka na watu wake. Unaweza kutembea nusu saa usikutane na mtu wa kumwambia umeamkaje, na ukikutana naye yeye ana mbwa na haraka. Chumba changu kilikuwa na zulia la rangi ya chai, mashine ya kufulia nyuma ya pazia, na dirisha dogo juu kabisa ya ukuta, usawa wa nyasi za nje, ambalo kupitia hilo niliona miguu ya mtu wa posta kila siku lakini sikuwahi kuuona uso wake. Kwenye dari kulikuwa na tundu la hewa ya joto, na kila lililosemwa jikoni juu lilinifikia hapo likiwa zima. Hivyo ndivyo nilivyoishi, nikiwasikiliza watu ambao hawakuwa wakizungumza nami. Nilikuwa mpweke. Nasema wazi sasa kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Waliponipigia kutoka nyumbani niliwaambia niko sawa tu, na wa huku walioniuliza habari niliwaambia nzuri.

Mwanaidi alifanya kazi hospitali mjini, zamu juu ya zamu, na mchana tulibaki wawili katika nyumba ile, mimi chini na baba yake juu. Mzee Ramadhani alikuwa dereva mstaafu. Ujanani aliendesha malori ya mzigo, Kondoa hadi Dodoma, Dodoma hadi Dar, kisha akaja huku akawa dereva wa ubalozini kwa miaka mingi, na mkewe alipofariki akahamia kwa bintiye. Alikuwa mwembamba, nadhifu, wa kunyoosha shati hata kama haendi popote. Siku ya kwanza nilimwambia "Sasa, Mzee," akanitazama mpaka nikajihisi mchafu. "Binti," akasema, "ninyi Wakenya mnasalimiana kama mnagombana. Kwetu mkubwa anapewa shikamoo yake, kisha ndiyo mambo mengine." Nikampa shikamoo yake. Akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyelipwa, na tangu siku hiyo tukawa tunaelewana. Alipojua kwamba asubuhi tatu kwa wiki ninaenda chuoni Largo kusomea uuguzi, nikitembea hadi barabara kubwa kungoja basi ambalo huja likipenda, hakuniuliza kitu. Asubuhi iliyofuata nilikuta gari la zamani la Mwanaidi linanguruma mlangoni, limegeuzwa kutazama barabara, naye ameshika usukani amevaa kofia.

Kwenye meza ya chumba changu kulikuwa na kompyuta ya mjukuu wa kike wa Mzee, aliyekwenda chuo kikuu jimbo jingine akaiacha pamoja na michezo yake. Mmoja ulikuwa wa kuendesha meli ya matanga kati ya visiwa kumi na kimoja na kufanya biashara. Kisiwa kimoja kina chumvi lakini hakina mbao, kingine kina mbao lakini watu wake hawana vitambaa, na wewe kazi yako ni kujua nani anakosa nini na kumfikishia kabla hajapelekewa na mwingine. Upepo unabadilika, na huwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Inabidi uende upande huu, ugeuke, uende upande ule, kama mtu anayepandisha mlima na baiskeli yenye mzigo. Mimi mtu wa Nyahururu, sikuwa nimewahi kukanyaga maji yanayozidi magoti. Mchana mmoja wa Januari, theluji imefunika kidirisha changu, Mzee alishuka na nguo zake za kutia kwenye mashine na kunikuta nikijaribu kwa mara ya kumi kuitoa meli bandarini. Alisimama nyuma yangu. "Unakata kona kabla haijashika mwendo," akasema. "Chombo kizito hakigeuki kikiwa kimelala. Sogea." Nikasogea. Alivuta kiti, akaweka kidole kimoja kwenye kitufe kwa adabu kubwa, na dakika tatu baadaye tulikuwa baharini.

Tukagawana kazi bila kuambiana. Yeye alishika usukani, mimi nilifanya biashara, kwa sababu alisema wanawake wa Kikuyu wanajulikana kwa jambo hilo hata Dodoma. Visiwa vilikuwa na majina ya Kiingereza, akavipa ya kwake. Cha chumvi kikawa Singida. Cha mawe matupu, kisicho na cha kuuza, akakiita Largo, "maana huko ndiko ninakokupeleka kila siku na hurudi na chochote." Kisiwa cha kaskazini kilikuwa na pombe ya miwa, na mtu yeyote mwenye akili angeona kwamba hiyo ndiyo bidhaa inayotakiwa kila bandari. Mzee alikataa katakata. "Kwenye meli yangu pombe haipandi." Nikamwambia, "Mzee, hii ni game tu. Hiyo si pombe ya ukweli." Akanijibu, "Na mimi si nahodha wa kweli. Lakini siku ya kuulizwa nitaulizwa mimi, hutaulizwa wewe." Basi tukabeba chumvi, vitambaa, mbao na sukari, na wenzetu wa kwenye mchezo, ambao walikuwa ni kompyuta tu, wakatupita na mapipa yao. Mfungo ulipofika akaniagiza nibadilishe saa ya mabaharia kula. Nilipomweleza kwamba mchezo hauna kitufe hicho, akanung'unika kwamba waliotengeneza mchezo huu hawamjui Mungu.

Nikikumbuka mwaka ule, nakumbuka zaidi chakula. Saa saba mchana, isipokuwa siku za mfungo, alikuwa akipiga mlango wa ngazi mara mbili na kusema "Binti, umekula?" na kwa mtu ambaye hajaulizwa swali hilo kwa miezi minane, hayo ni maneno mazito. Nilipanda. Jikoni palikuwa na meza ya duara, vitambaa vya plastiki vyenye picha ya malimau, na dirisha linalotazama miti isiyo na majani. Alipika wali na maharage, mchicha wa kwenye jokofu, samaki akipatikana, na mara moja moja ugali, ambao tulibishana juu yake, maana mimi nauona ugali wa Kitanzania ni laini mno na yeye aliuona wangu ni tofali. Alikula taratibu, upande mmoja wa sahani, kisha akanawa mikono na kusema alhamdulillahi. Na kila siku nusu ya sahani yake ilibaki. Haikuwa imechokorwa, ilikuwa safi kabisa, wali umepangika, kipande cha samaki kimekaa hapo hakijaguswa. Kwetu mzee hamalizi sahani. Babu hula, anaacha kidogo kilicho kizuri, na mtoto aliye karibu anajua kwamba hicho ni chake. Ndivyo unavyojua unapendwa, bila mtu kusema. Kwa hiyo alipoinuka nilivuta sahani ile na kula. Sikuwa na njaa. Nilikula kwa sababu nilikuwa nimepata mtu wa kuniachia, na nilikuwa nikishuka ngazi nikiwa na furaha ya kijinga ambayo sikuwa nimeisikia tangu nije nchi hii.

Chini, kwenye mchezo, mambo yalikuwa yakiharibika. Mzee alikuwa mwendeshaji hodari, aliyesoma upepo vizuri kuliko mimi nilivyousoma kwenye kitabu cha maelekezo, lakini tulikuwa tunagonga. Tuligonga mwamba wa Singida mara tatu katika wiki moja. Tuligongana na meli ya sukari mchana kweupe. Kila tulipogonga alisema ni upepo, au kwamba mwamba ule jana haukuwapo, na mimi nilicheka, nikarudisha mchezo nyuma, tukaanza upya. Kilichonishinda kuelewa ni kwamba alikataa kutumia ramani ndogo iliyokuwa pembeni mwa kioo. "Ramani gani?" aliniuliza. Nikamwonyesha. Akageuza kichwa chote, kama mtu anayeitwa kutoka chumba kingine, akasema "Ahaa, hii," na hakuitazama tena. Ramani ilikuwa kushoto. Mwamba ulikuwa kushoto. Meli ya sukari ilitokea kushoto. Nilikuwa na ushahidi wote mezani na sikutaka kuusoma.

Ilikuwa mwezi wa tatu, siku ya wali na kuku. Nilikuwa nikifuta meza wakati yeye bado ameketi, na ili kitambaa kipite nikaigeuza sahani yake, nusu mzunguko. Mzee alikuwa ameshaanza kuinuka kwenda kunawa. Akatazama chini, akaketi tena. "Kumbe kulikuwa na kuku mwingine," akasema, akafurahi, akala. Alikula kila kitu, akasafisha mfupa, akaguguna hata kile kigegedu, na mimi nilisimama na kitambaa mkononi nikimtazama. Hakuwa akiniachia. Tangu Januari nilikuwa nikila chakula cha mzee asiyekiona. Niliona aibu ambayo hata sasa nikiandika inanipanda shingoni, kisha ikaja hofu, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya chuo, na mtu huyu ndiye aliyekuwa akiniendesha kwa mwendo wa maili hamsini kwa saa kati ya malori.

Sikusema. Hapa sijitetei, naeleza tu. Ningemwambia Mwanaidi, angechukua funguo jioni ileile, na Mzee angebaki ndani ya nyumba ile hadi kufa, maana Bowie bila funguo ni kifungo. Mimi nilikuwa nikikitumikia, nikijua ladha yake. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu nyingine ni kwamba nilijua angeacha kushuka ngazi. Mtu aliyevuliwa kazi yake hataki kuonwa na aliyemvua. Nilikuwa na binadamu mmoja aliyeniuliza kama nimekula, na nilimweka yeye, na kila mtu aliyekuwa barabarani, kwenye hatari ili nisimpoteze. Nilijiambia nitamtazamia mimi. Yeye mwenyewe alikuwa amenisimulia habari za malori: lori la mzigo lina macho mawili, dereva anatazama mbele na kulia, utingo anakaa kiti cha kushoto na kutazama kushoto na nyuma, akipiga kelele lete, lete, kata, hapo hapo. "Utingo akinyamaza," alisema, "ama njia ni nyeupe, ama amelala." Nikawa utingo. Kwenye mchezo nilitamka kila kilichokuwa kushoto, na tukaacha kugonga, na Mzee akasema upepo umetulia. Kwenye gari ilikuwa shida, kwa sababu huku dereva anakaa kushoto, na kiti cha pili kiko upande ambao hauhitaji msaada. Basi nikadai kwamba kukaa mbele kunanitia kichefuchefu, nikahamia nyuma yake. Alinitazama kwenye kioo muda mrefu. "Haya, kaa nyuma, mheshimiwa," akasema. Nikaketi nikiwa nimebandika uso dirishani: kushoto baiskeli, kushoto lori linaingia, kushoto mama na mtoto. "Nimemwona," alijibu kila mara, na kila mara nilijua hajamwona.

Alinipeleka hata kanisani Jumapili, yeye Mwislamu, akanisubiri nje na redio yake. Wasichana wa kwaya waliniona nikiteremka kiti cha nyuma. "Wangechi! Siku hizi unabebwa nyuma kama waziri! Umeomoka na hutuambii?" Nilicheka nao, nikasema ndiyo, nimeomoka, pesa zimeingia. Jioni moja, kupitia tundu la hewa, nilimsikia Mwanaidi jikoni akiongea na dada yake kwa simu. "Baba yuko poa. Macho? Ah, appointment ni-book mara ngapi, ana-cancel mwenyewe. Lakini si yuko na Wangechi, anaangaliwa." Nililala kitandani nikitazama dari. Nilisikia neno hilo, anaangaliwa, nikadhani ni sifa.

Tulisafiri hivyo miezi mitatu. Mwezi wa sita nilikuwa na mtihani wa mwisho wa muhula, na asubuhi ile niliingia garini na daftari. Nilisoma mstari mmoja tulipokuwa tukitoka uani. Nikasoma wa pili. Nikasikia kishindo, si kikubwa, kama mtu amepiga mlango wa bati, na gari likasimama. Jirani yetu, mama mmoja mwenye nywele nyeupe aliyekuwa akivuta pipa la taka kuelekea barabarani, alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye taa yetu ya kushoto, mkono juu ya kifua. Pipa lilikuwa limeruka hadi ng'ambo na taka zimetapakaa. Hakuumia. Alisema mara nyingi kwamba hakuumia, akirudia "okay, okay," akitutuliza sisi. Mzee alishuka akaokota takataka moja moja na mikono yake, akiwa na shati lake lililopigwa pasi, akaomba radhi kwa Kiingereza chake cha ubalozini. Kisha akarudi, akaketi, hakuwasha gari. "Ametokea wapi?" aliniuliza. Nikamwambia, "Kushoto, Mzee." "Ulikuwa umenyamaza," akasema. Hakunilaumu, aliyasema kama mtu anayeeleza jinsi jambo lilivyotokea. "Nilidhani njia ni nyeupe." Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua, kwamba siku zote alikuwa akiendesha kwa mdomo wangu, na kwamba mimi na daftari langu tulikuwa tumebakisha hatua moja kumuua mwanamke.

Mwanaidi aliporudi saa kumi na mbili jioni sikumwacha avue viatu. Nilimweleza yote jikoni: sahani, mwamba, kiti cha nyuma, pipa. Mzee alikuwa msikitini na rafiki yake aliyempitia. Mwanaidi alinisikiliza akiwa amesimama, mkoba begani, na hakushtuka, jambo ambalo nilidhani ni utulivu wa wauguzi. "Umefanya vizuri kuniambia," akasema. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Shuka chini, mimi nitaongea naye." Nikashuka. Sikusikia walichozungumza, kwa sababu kwa mara ya kwanza walitoka nje kuzungumza, wakiwa wameketi garini, na gari halikuwashwa. Kesho yake funguo hazikuwa kwenye msumari wake. Wiki iliyofuata daktari alisema kwamba kiharusi kidogo, ambacho Mzee hakukijua kilipompata, kilikuwa kimemfutia upande wa kushoto wa kila anachokitazama, na kwamba upande huo haurudi.

Saa saba mchana hakuna aliyepiga mlango wa ngazi. Nilipanda mwenyewe, nikamkuta ameketi mezani, nikasema shikamoo. Alisema marahaba akitazama dirisha, akachukua sahani yake akaenda nayo chumbani. Mara tatu nilijaribu. Mara ya nne niliona aibu nikaacha. Nilikuwa nikimsikia juu yangu akitembea kutoka mlango hadi dirisha, kutoka dirisha hadi mlango, na kwenye kona moja alikuwa akijigonga, kila mara ileile. Nilifungua mchezo nikajaribu kuendesha peke yangu. Niliifikisha meli hadi Singida, nikapakia chumvi, kisha sikuona wa kumpelekea. Nilikuwa mpweke kuliko nilivyokuwa kabla sijamjua, kwa kuwa sasa nilijua hasa ninachokikosa. Mwezi wa tisa Mwanaidi alimpeleka uwanja wa ndege, naye Mzee akarudi Kondoa, ambako alisema mtu hahitaji gari ili asalimiwe. Mimi nilikuwa kazini, kwenye kibarua cha siku chache, ndivyo nilivyopanga. Kabla ya Krismasi nilipata kazi ya zamu Sterling, katika jengo la mitambo ya kompyuta karibu na uwanja wa ndege wa huku, nikaacha uuguzi, nikaacha Bowie. Kwa miaka ishirini na mmoja nimeamini kwamba mzee yule alinichukia kwa kosa ambalo nilikuwa nimelifanya kweli, la kumsema, na nimelibeba hivyo, na nilikuwa nimelizoea.

Jumamosi ya kisomo nyumba ilijaa viatu mlangoni. Jikoni walikuwa wamebadilisha kila kitu, hata meza. Wanawake walikuwa wakipakua pilau na kuongea Kiswahili cha kila pembe, watoto wakiwajibu kwa Kiingereza, na ilipomalizika dua Mwanaidi alinishika mkono akanipeleka kwenye chumba kipya cha kufulia, akafunga mlango. Amezeeka. Ana miguu mibovu sasa, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Wangechi, mimi nilijua," akasema. "Nilijua kabla hujaniambia. Tangu Februari. Mimi ni nurse, nisione baba yangu anakula nusu sahani? Lakini ningemchukulia vipi funguo baba yangu? Alinilea na usukani ule. Nikakuona umehamia kiti cha nyuma, nikasema alhamdulillahi, Wangechi anamtazamia, tusogeze siku." Nilitaka kusema kitu, akainua mkono. "Ngoja. Jioni ile ulipokuja, tulikaa naye garini. Aliniuliza ni nani amesema. Nikaogopa asinichukie. Nikamwambia ni wewe. Nikamwambia... nikamwambia umesema huwezi kuendeshwa na kipofu, na kwamba ulikuwa ukimcheka na wenzako kanisani." Alikuwa analia sasa. "Sijui kwa nini niliongeza. Nilitaka tu iishe. Nikasema nitamweleza ukweli akitulia. Kisha akaondoka, kisha ikawa mwaka, ikawa miaka. Kila Idi nilimpa salamu zako na kila Idi nilisema leo nitamwambia. Nisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe. Watu walikuwa wanangoja chai, naye ni mfiwa, na huwezi kumwambia mfiwa vinginevyo. Lakini sijamsamehe, na nimeandika hivi ili liwepo mahali fulani kwamba sijamsamehe. Nilimsaidia kuinuka, tukatoka, nikagawa vikombe, nikaosha sufuria mbili kubwa, nikaaga kila mtu kwa mkono.

Kuna jambo ambalo sikumwambia Mwanaidi, wala sijamwambia mtu. Siku moja kabla ya Mzee kuondoka, saa kumi alasiri, alishuka ngazi. Nilimsikia akija, hatua moja moja, mkono ukiburuza ukutani. Alisimama nje ya mlango wangu akabisha hodi. Nilikuwa ndani, nimeketi kitandani, redio inaongea. "Wangechi," akasema. Hakuwa amewahi kuniita jina; siku zote nilikuwa binti. "Wangechi, nina neno moja tu la kukuuliza." Wakati ule, sijui alichoambiwa garini, nilidhani amekuja kunigombeza, na nilijua nastahili, na sikuwa na nguvu za kugombezwa na mtu pekee niliyempenda katika nchi hii. Basi nilinyoosha mkono nikazima redio, ili adhani sipo. Alingoja. Nilisikia pumzi yake upande wa pili wa mlango. Akangoja tena, muda mrefu, mpaka miguu ikanifa ganzi, kisha akaanza kupanda.